Namna ya Kushindwa na Friji kwa Heshima

Friji yako imezimika, na kwa kuwa uliiweka sebuleni, juu yake kitambaa cha kufuma na maua ya plastiki, imezimika mbele ya wageni. Usihangaike. Kila kifaa cha umeme kitakushinda siku moja. Pasi itakushinda, blenda itakushinda, hata ile televisheni ya inchi 43 uliyoinunua baada ya mavuno ya viazi itakushinda. Hilo halina aibu. Kinachouma ni kushindwa mara mbili, kwanza na kifaa, kisha na bei. Nifuate taratibu, mnyalukolo mwenzangu wa Njombe, tushindwe mara moja tu na fedha nyingi ibaki mfukoni.

Hatua ya kwanza: tazama kalenda kabla hujamwita fundi

Kama ni Juni, Julai au Agosti, weka simu chini. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Makambako imepungukiwa na mita mia chache tu. Alfajiri ya miezi hiyo unaweza kuacha maziwa mezani na ukayakuta yamepoa karibu kama yaliyotoka ndani ya friji. Sasa sikiliza kinachotokea ndani ya kile chombo chako, maana hapa ndipo watu wa kwetu wanapopoteza hela nyingi kuliko mahali pengine popote.

Friji nyingi za milango miwili za bei ya kawaida zina themostati moja tu, nayo hupima joto la chumba cha chini, kile cha maziwa na mboga. Chumba hicho kikipoa, kompresa inazima. Kikipata joto, inawaka tena. Lakini sebuleni kwako kuna nyuzi 9. Joto la kukiamsha chumba hicho litoke wapi? Kompresa inalala saa baada ya saa, huko juu kwenye friza nyama inalainika, maji yanachuruzika sakafuni, na wewe unatangaza mtaa mzima kwamba gesi imeisha.

Chungulia nyuma ya friji, au ndani karibu na droo ya mboga. Kuna kibandiko cha kiwandani, na juu yake herufi moja au mbili ambazo hakuna muuzaji aliyewahi kukuonyesha. SN maana yake friji imetengenezwa kwa chumba chenye nyuzi 10 hadi 32. N ni nyuzi 16 hadi 32, ST ni 16 hadi 38, na T ni 16 hadi 43. Wanaoleta friji nchini wanawaza joto la Dar es Salaam na Tanga, kwa hiyo T utaiona mara nyingi. Friji ya T inastahimili Januari ya Kariakoo bila kulalamika. Julai ya Njombe haikuandikiwa.

Njia ya mkato ni hii. Ihamishie chumba chenye joto kuliko vyote, kile mnachopikia na kukaa jioni, ila usiibananishe na jiko. Kama huna chumba hicho, izime kabisa mpaka Septemba. Ipanguse, weka kitambaa kilichokunjwa kwenye mlango ubaki wazi kidogo ili isiote ukungu, maziwa yafunike vizuri uyaweke dirishani, na nyama nunua ya siku hiyohiyo. Mgeni akiuliza kwa nini imezimwa, mwambie unapumzisha kompresa. Ni kweli, na inasikika kitaalamu.

Wenye friza la kulala, lile linalofunguliwa kwa juu, hawana shida hii, kwa sababu lina chumba kimoja na themostati inapima palepale panapogandisha. Anayeuza samaki au nyama Njombe na anataka barafu mwaka mzima, anunue hilo, aachane na urembo wa milango miwili.

Fundi mwaminifu atakwambia haya yote bure. Fundi mwenye ada ya shule ya kulipa ataongeza gesi, Septemba hali ya hewa itabadilika, friji itagandisha, na sifa atazipata yeye.

Hatua ya pili: pima mwenyewe

Kabla hujabeba kitu kwenda popote, fanya uchunguzi. Hauhitaji elimu, unahitaji noti, tochi ya simu na sikio.

Noti kwanza. Ibane kwenye mlango wa friji kisha ivute. Ikitoka bila ubishi, mpira wa mlango umechoka na hewa ya nje inaingia. Jaribu kuufufua kwa kitambaa cha maji ya moto, ukiukanda polepole mpaka ulainike na ushike. Ukigoma, badilisha mpira. Hiyo ni kazi ndogo, na wengi hulipia gesi wakati ugonjwa ulikuwa mpira.

Kama friji yako ina zile nondo nyeusi nyuma, zisugue vumbi kwa brashi kavu baada ya kuchomoa plagi. Vumbi jekundu la kwetu likichanganyika na moshi wa jikoni linazifunika kabisa, friji inashindwa kutoa joto, na inanguruma usiku kucha.

Sikio sasa. Ikiwa unasikia "tik", kimya, baada ya dakika chache "tik" tena, kompresa inajaribu kuamka inashindwa. Huenda ni relei, kifaa kidogo kilichobandikwa ubavuni mwake, na bei yake ni ndogo. Huenda pia umeme wenyewe ni mdogo saa za jioni, wakati kila nyumba mtaani imewasha. Kwa hiyo sikiliza tena saa nane usiku kabla ya kumhukumu mtu. Makambako kuna kituo kikubwa cha umeme ambako laini ya msongo wa kilovolti 220 kwenda Songea inaanzia, lakini ukubwa wa zile nguzo hauzuii transfoma ya mtaani kwako kuyumba.

Televisheni ikitoa sauti bila picha, zima taa za chumba, washa tochi, imulike kioo kwa karibu na kwa upande. Ukiona watu wanatembea kwa mbali, hafifu, kioo ni kizima na kilichokufa ni taa za nyuma yake. Hizo hubadilishwa. Ukiona ufa, au doa la wino linalosambaa, usitoe hata nauli. Kioo cha televisheni kinakaribia bei ya televisheni nzima. Fundi akikuambia anaweza kukupatia cha bei poa, anakupatia kilichotolewa kwenye maiti nyingine.

Na hili nalisema kwa msisitizo wote nilionao: usichokoe barafu kwa kisu. Mirija ya gesi imepita ndani ya ile bati ya alumini unayoichokoa, na kuziba tundu la alumini ni kazi ngumu ambayo mafundi wengi hawana vifaa vyake. Friji nyingi nzima, ambazo zingeishi miaka 10 mingine, zimeuawa na kisu cha jikoni asubuhi ya Jumamosi. Zima, fungua mlango, weka sufuria ya maji ya moto ndani, nenda kafanye kazi nyingine.

Hatua ya tatu: jua bei ya mpya kabla ya bei ya ugonjwa

Mtu asiyejua bei ya friji mpya hana namna ya kujua kama fundi anamwibia au anamhurumia. Kwa hiyo siku moja ukiwa Makambako kwa shughuli zako, ingia madukani ukiwa na sura ya mnunuzi. Makambako ni mahali pazuri kwa kazi hiyo, kwani ndipo barabara ya Songea inapoachana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma, reli ya TAZARA inapita hapo, mizigo inashuka hapo, na muuzaji anajua kwamba ukiondoka mlangoni kwake kuna mlango mwingine jirani. Njombe iko kilomita kama 60 mbele, na kilomita hizo utazikuta ndani ya bei.

Nakupa makadirio ya kuanzia mazungumzo. Yanapanda na kushuka, hivyo yahakikishe kwa masikio yako. Friji ndogo ya mlango mmoja, kati ya laki tatu na nusu na laki tano. Ya milango miwili ya kawaida, laki sita hadi nane. Televisheni ya inchi 32, laki mbili na nusu hadi laki nne. Blenda ya nyumbani, elfu 40 hadi 80. Pasi, elfu 25 hadi 45. Birika la umeme, elfu 20 hadi 35. Upande wa matengenezo, themostati ya friji pamoja na ufundi huwa kama elfu 20 hadi 40, gesi elfu 50 hadi laki moja, kompresa laki moja na nusu hadi laki mbili na nusu, taa za nyuma za televisheni elfu 50 hadi 80, waya wa pasi elfu tano.

Sasa tuamue. Kifaa kina moyo na kina viungo. Moyo wa friji ni kompresa, wa televisheni ni kioo, wa blenda ni mota. Viungo ni waya, swichi, relei, themostati, mpira, kapasita. Kiungo kikivunjika, tengeneza bila kuwaza mara mbili. Moyo ukisimama, kaa chini upige hesabu.

Ulaya na Marekani wana kanuni yao: matengenezo yakizidi nusu ya bei ya kipya, nunua kipya. Kanuni hiyo imezaliwa mahali ambapo saa moja ya fundi ni ghali kuliko pasi. Kwetu mambo yamegeuka. Mkono wa fundi ni nafuu, spea ndiyo ghali, kwa sababu imepanda basi kutoka Kariakoo na kusafiri zaidi ya kilomita 600. Kwa hiyo mwombe fundi akutajie bei mbili, ya spea peke yake na ya ufundi peke yake. Spea peke yake ikifika theluthi ya bei ya kifaa kipya, na kifaa chenyewe kimevuka miaka saba, achana nacho. Ikiwa chini ya hapo, mlipe fundi na umwongezee soda.

Ufaransa, mwaka 2021, wauzaji walianza kulazimika kuonyesha alama ya kati ya 0 na 10 kwenye televisheni, mashine za kufulia na vifaa vingine, ili mnunuzi ajue kifaa kinatengenezeka kwa urahisi gani. Wewe alama hiyo unayo mtaani kwako. Kabla ya kununua kipya, pita kwa fundi umuulize: "Kaka, ni kampuni gani spea zake unazipata bila kuagiza Dar?" Atakutajia mbili au tatu. Nunua mojawapo ya hizo, hata kama ile ya jirani ina mlango wa kioo unaong'aa.

Hatua ya nne: kwa fundi

Nenda na nguo za shamba. Ukienda umevaa koti la kanisani na funguo za gari zinaning'inia kidoleni, bei itavaa koti pia. Kama kifaa ni kidogo, kipeleke mwenyewe. Usimtume kijana wa kazi, kwa sababu atarudi na bei asiyojua kuieleza.

Usiseme "imekufa kabisa." Neno hilo ni hundi iliyosainiwa bila kiasi. Eleza dalili tu, na jina la ugonjwa mwachie yeye, kisha mpeleke polepole unapotaka afike. Kwa mfano:

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Imefanyaje?"

"Inanguruma usiku kucha lakini haigandishi. Taa inawaka. Ni ya mama mkwe, kaniagiza niilete."

"Aaa, hiyo ni gesi tu."

"Sawa, baba. Basi naomba unitafutie kwanza inapovuja. Tukishapaona, tuongee gesi."

Umeona kazi ya mama mkwe? Amekuokoa mara mbili. Huwezi kukubali bei papo hapo, maana lazima ukamuulize. Na fundi hataki kugombana na mama mkwe wa mtu. Mtumie kwa adabu, hata kama kwake hana friji.

Kabla friji haijaondoka nyumbani, weka tone la rangi ya kucha kwenye kompresa, na lingine kwenye themostati, mahali pasipoonekana. Ikirudi, angalia. Kisha mwambie fundi mapema, huku ukitabasamu, kwamba kifaa kibovu kitakachotolewa unakihitaji: "Mzee nyumbani anapenda kuona." Fundi anayejua kwamba utadai kile cha zamani hatakuambia amebadilisha wakati hajabadilisha. Hii haihitaji ugomvi wala kelele, na heshima ya kila mtu inabaki mahali pake.

Toa nusu ya fedha, nusu baki nayo mpaka kifaa kimelala kwako usiku mmoja kikifanya kazi. Na akikuambia "njoo kesho" kwa mara ya tatu, usikasirike. Nenda ukae kwenye benchi lake na gazeti. Fundi mwenye mteja benchini humaliza kazi.

Hatua ya tano: kuhusu gesi

Hapa nakuomba utulie, kwa sababu sentensi moja itakuokolea fedha ya miaka mingi. Gesi ya friji haiishi. Inazunguka ndani ya mirija iliyofungwa tangu siku ilipotoka kiwandani, na haitumiki kama mkaa unavyotumika. Imepungua? Basi kuna tundu. Anayekuongezea gesi kila Desemba bila kutafuta tundu anakuuzia kitu kinachorudi hewani kabla ya Pasaka, na tundu anakuachia wewe.

Soma tena kibandiko. Ukikuta R134a, hiyo haiwaki. Ukikuta R600a, hiyo inawaka moto, na friji ya nyumbani huwa na makumi tu ya gramu. Fundi wa R600a anatakiwa kufungua madirisha, kuondoa gesi iliyobaki kabla ya kuwasha moto wa kuchomelea, na kupima anachojaza kwa mizani. Muulize mizani iko wapi. Akikuonyesha, huyo ni wako. Akikuambia anapima kwa kugusa bomba kwa mkono, mshukuru, mpe nauli, na ondoka na friji yako.

Hatua ya sita: vitu vidogo, haraka haraka

Pasi. Nyingi hufia shingoni, pale waya unapoingia, kwa sababu unaizungushia waya ikiwa bado ya moto. Badilisha waya, umalize. Ikiwa imeungua elementi, nunua mpya. Pasi ya mkaa ya bibi usiitupe.

Birika. Likiacha kuchemsha, mara nyingi ni swichi ya chini. Likianza kuvuja, basi. Maji na umeme havina suluhu.

Blenda. Ikizunguka chini lakini kisu hakizunguki, ni kile kiungo cha mpira katikati, na kinauzwa. Ukisikia harufu ya kuungua, ni mota, na mota ya blenda ya nyumbani haifai kusukwa upya. Hiyo blenda ilinunuliwa kwa juisi ya parachichi, na parachichi la Njombe ni laini. Aliyesagia karanga kavu dakika tano mfululizo ndiye muuaji, na sote tunajua anaishi nyumba hiyohiyo.

Hita ya kuogea. Kwa baridi ya huku, hiki ndicho kifaa ambacho familia nzima inakihitaji kuliko friji, nami nakizungumzia kwa namna tofauti kabisa. Elementi yake huungua maji yakipita kidogo au yakikatika wakati imewashwa, na elementi mpya ni ya bei ndogo, hivyo itengeneze. Lakini kwenye waya wa ethi usikwepe gharama hata shilingi moja. Unasimama chini yake ukiwa umelowa, watoto wako wanasimama chini yake wakiwa wamelowa. Fundi umeme aje, apime ethi ya nyumba nzima, na hita isiyo na ethi isiwashwe. Ogeni maji ya sufuria mpaka afike.

Hatua ya saba: muulize LUKU

Ujanja mkubwa kuliko yote uko ukutani kwako, kwenye mita ya LUKU. Friji ya zamani inaweza kuwa nzima kabisa, inagandisha, haina kosa, na bado ndiyo mwizi wa nyumba. Usiku mmoja wa Februari, wakati hakuna baridi, zima kila kitu, acha friji peke yake. Andika uniti zilizosomeka saa mbili usiku. Asubuhi saa mbili soma tena. Zidisha mara mbili, umepata matumizi ya siku. Usipime kwa fedha, kwa sababu tangu 2021 LUKU inakata na kodi ya jengo humohumo na hesabu itakuchanganya. Pima kwa uniti.

Tuseme umepata uniti 2 kwa siku. Ni 60 kwa mwezi. Friji mpya ndogo inaweza kutumia uniti 0.6 kwa siku, yaani 18 kwa mwezi. Tofauti ni 42. Kwa mteja wa daraja la T1, anayepata uniti 28 kwa shilingi 10,000, tofauti hiyo ni karibu shilingi 15,000 kila mwezi. Mwaka mmoja ni 180,000. Miaka miwili ni 360,000, na hapo umeshalipa friji ndogo mpya bila kuiona ikiingia mlangoni.

Kwa mteja mdogo wa daraja la D1 mambo ni mabaya zaidi. Huyu analipa shilingi 100 kwa uniti kabla ya kodi na tozo, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, bei ya zinazozidi inaruka zaidi ya mara tatu. Friji inayomeza 60 inamwachia 15 za taa, simu, redio na pasi. Hawezi kubaki. Kwa nyumba ya namna hiyo, friji ya zawadi kutoka kwa shemeji wa Dar ni zawadi ya kukataa kwa upole, au kuipokea, kuipiga picha, na kuiuza.

Hatua ya nane: kununua bila kujuta

Umeamua kununua. Vizuri. Chukua ndogo kuliko unayoitamani, kwa sababu friji kubwa iliyo tupu inagharimu na kuonyesha utupu wako kila mgeni anapofungua kutafuta maji.

Ukienda kwenye mtumba, kagua volti kwenye kibandiko. Umeme wetu ni volti 230. Kifaa kilichotoka Uingereza au Dubai kitaelewana nao. Kilichotoka Japani, kwenye volti 100, kitakufa kwa moshi siku ya kwanza bila transfoma. Iwashe dukani, kaa nusu saa, gusa ubavu wa friza. Muuzaji anayekuharakisha anajua kitu.

Dai risiti ya EFD na kadi ya waranti yenye muhuri, na uliza waranti ya kompresa kivyake, maana mara nyingi ni ndefu kuliko ya friji nzima. Nunua na kilinda friji, kile kisanduku cha kuchomeka ukutani kinachosubiri dakika chache umeme ukirudi. Kompresa iliyozimika ghafla inahitaji muda huo ili msukumo wa gesi utulie kabla ya kuwaka tena. Kama fedha imekwisha, umeme ukikatika zima swichi ukutani, na uwashe dakika tano baada ya kurudi.

Safari ya kwenda Njombe, isimame wima. Ikilazimika kulala kwenye gari, ikifika isimamishe na usiiwashe mpaka kesho yake, ili oili iliyokimbilia kwenye mirija irudi ndani ya kompresa. Najua majirani wamekusanyika na wanataka kuona taa. Wafungulie mlango, waone rafu, wanywe chai.

Hatua ya mwisho: ile ya zamani

Kabla ya jambo lolote, ng'oa mlango. Leo hiihii, kabla hujapumzika. Mtoto anayecheza kujificha akiingia kwenye friji iliyoachwa uani, mlango ukajifunga, hewa humwishia na sauti yake haitoki nje.

Kisha usimwuzie mnunuzi wa chuma chakavu kila kitu kwa mkupuo. Mwite kwanza fundi aliyekuhudumia, umpe nafasi ya kutazama kompresa, themostati, relei na rafu za kioo. Kama kompresa ni nzima na kilichoua friji ni tundu la kisu, atainunua, kwani kuna mtu mwingine mtaa wa pili anaitafuta. Mwombe yeye aondoe gesi, usimwachie mnunuzi wa chuma akate mirija kwa panga. Likibaki boksi, angalia kama una kuku. Boksi la friji linahifadhi joto vizuri, na wapo wafugaji wanaoligeuza kiangulio cha mayai kwa balbu na themostati. Kama huna kuku, ukiurudisha mlango na kuutengenezea kitasa kinachofunguka kwa kusukumwa kutoka ndani, ni kabati la unga ambalo panya hawaliwezi.

Bati, nondo na waya vilivyosalia, vipime kwa kilo mbele ya macho yako, na shaba itenge na chuma, kwa kuwa bei zake hazifanani.